Nazi Mlangoni kwa Bi Tatu

Vijana wenzangu wa utafiti, mliniaga vizuri. Mlinipa saa ya ukutani, na mke wangu ameitundika jikoni, juu ya mtungi wa maji, kwa sababu anasema mstaafu hana haja ya saa ila wali unayo. Kisha mkanishika kanzu mkitaka niwaandikie mambo ya zamani. Haya. Habari za vyeo sitasema. Vilinijia vilipochoka kunikimbia. Mshahara nao uliingia na kutoka kama mgeni mwenye haraka, hata sura yake siikumbuki. Nitasema habari za kazi yenyewe, kazi ya kuketi mbele ya watu na kusikiliza jinsi wanavyoishi, na zaidi nitasema habari ya nazi moja.

Nilianza ukalimani katika baraza la liwali, siku zile Waingereza wangali wageni mjini na harufu ya Wadachi haijatoka kwenye makabati. Baba yangu, mtu wa asili ya Shihiri ya Uarabuni, alikuwa na duka la kahawa na viungo Mchafukoge. Nyumba yetu ilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi, kwao mama. Nilikuwa kijana wa kanzu nyeupe na viatu vyeusi, nikijiona nimefika, ingawa sikujua wapi.

Siku yangu ya kwanza ililetwa kesi ya bata aliyekwenda kutaga kwa jirani. Mwenye bata anadai mayai, mwenye ua anadai mayai. Mshtakiwa alipoulizwa ana neno gani, akasema kwa adabu kabisa, "Bwana Liwali, naomba bata mwenyewe aulizwe." Nilicheka hata kofia ikaanguka. Mkuu wa wakalimani, Mzee Faraji, mtu mrefu mwembamba ambaye hakuna aliyewahi kuona meno yake, alinivuta pembeni.

"Hemedi, mwanangu, mkalimani ni mfereji. Umepata kuona mfereji unacheka?"

"La, Mzee."

"Basi."

Nilijitahidi kuwa mfereji. Lakini Kariakoo ilikuwa ikileta vituko kila asubuhi, na mimi nikawa mfereji unaovuja. Mwisho Mzee Faraji akaniita tena. "Kuna bibi wa Kizungu," akasema, "ametoka chuo kikuu cha kwao kuja kuangalia watu wanavyooana na kuzikana. Anatafuta mkalimani. Nimemwambia ninaye mmoja mzuri, ila ana ila moja: anacheka. Akajibu, 'Huyo huyo.'"

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi yenu hii, kwa kufukuzwa kiungwana.

Jina lake halisi lilikuwa refu. Kariakoo ilimwita Bibi Kwanini, kwa sababu hakuna jambo aliloliacha lipite bila kuuliza. Kwa nini maiti hutolewa mlango huu? Kwa nini shemeji hutaniwa na mkwe huogopwa? Alikuwa mwembamba, mwenye madoadoa usoni na kofia pana kama ungo, na alikuja kwa baiskeli kila asubuhi kutoka Uzunguni akivuka Mnazi Mmoja. Kiswahili alikuwa amejifunza kwa vitabu vya misheni, kwa hiyo akiomba maji ungedhani anaomba mvua. Kazi yangu ilikuwa kugeuza Kiswahili cha Kariakoo kiwe Kiswahili cha kanisani, na kikikwama, Kiingereza.

Ninyi mna mashine za kunasa sauti. Sisi tulikuwa na penseli iliyofungwa kamba, mwavuli mweusi, birika la kahawa ya baba, na kiti cha kukunja. Kiti ndicho kilichotufunza kazi. Mwanzo Bibi Kwanini alikaa juu yake na wenyeji wakakaa mkekani, na majibu yote yalikuwa "Ndiyo, Memsahibu." Akakata miguu ya kiti kwa msumeno. Siku iliyofuata magoti yake yalikuwa karibu na masikio, na watu wakaanza kusema. Shikeni hilo: mtu hasemi ya moyoni mbele ya anayemtazama utosini.

Jambo la pili tulilolipata kwa bahati lilikuwa swali moja, na hilo ndilo lililonipeleka kwenye nazi.

Siku hizo wanawake wa Kariakoo walikuwa na vyama vya ngoma, na vyama vilishindana kwa kila kitu: sare, nyimbo, pilau, hata kulia msibani. Mtaa wa Narung'ombe walikuwa Asumini, chini ya Bi Tatu, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya soko. Mchikichi walikuwa Kilua, chini ya Bi Mwanamkuu, mwanamke mdogo wa mwili, asiyepandisha sauti kamwe, na kwa hiyo aliogopwa zaidi. Bi Mwanamkuu alikuwa mama yangu mzazi.

Asubuhi moja tulikuwa barazani kwa Bi Tatu na mazungumzo yamelala. Bibi Kwanini akauliza, bila nia yoyote, "Na hao wa Mchikichi wanafanyaje?"

Bi Tatu alisimama. "Mchikichi? Mchikichi nao wana desturi?" Akaongea mpaka adhana ya adhuhuri, na penseli ikaisha ncha mara mbili. Tangu siku hiyo hatukuuliza tena "kwa nini". Tulifika, tukasalimu mpaka salamu zikachoka, kisha tukauliza: na jirani zenu wanafanyaje?

Nyuma ya pazia la mlango wa Bi Tatu alikaa binti yake, Zuhura, akishona kofia. Sikumwona. Nilisikia kicheko chake. Kilikuwa kicheko chenye ngazi: kinapanda, kinasimama kidogo kupumua, kisha kinapanda tena, na wewe uliyeko chini unabaki umeinua uso kama anayetazama tiara angani. Nikaanza kurefusha maswali. Bibi Kwanini akiuliza neno moja, mimi nilitafsiri khutuba yenye vichekesho viwili ndani yake, ili nisikie ngazi zikipandwa. Bi Tatu hakuwa mjinga. "Karani," akaniambia siku moja, "swali la Memsahibu lilikuwa fupi. Hayo mengine unamuuliza nani?"

Nikapeleka posa. Ikakubaliwa. Mahari ikaafikiwa, harusi ikapangwa baada ya Idi Kubwa, na mimi nikatembea Kariakoo kana kwamba barabara imewekwa magodoro.

Miezi ile ile Bibi Kwanini alikuwa akishughulikia desturi ya kufungua mlango. Mnaijua, pwani nzima inaijua: bwana arusi akija, wanawake wa kwa bibi arusi humzuia mlangoni, naye hutoa chochote, akaingia. Basi. Haina zaidi. Lakini tulikuwa na lile swali letu.

Bi Tatu akaanza. "Kwetu Narung'ombe haji mikono mitupu. Huja na sinia la maua."

Tukavuka mtaa. "Sinia?" mama yangu akauliza polepole. "Amelishika mkononi?"

"Ndivyo walivyosema," akajibu Bibi Kwanini.

"Masikini. Kwetu huliweka kichwani."

Nilimtazama mama. Mama alinitazama kama mtu atazamavyo sahani iliyo ukingoni mwa meza. Nikatafsiri.

Tukarudi Narung'ombe. "Kichwani, ndiyo," akasema Bi Tatu, "bila kulishika. Na kila njia panda husimama, akamsifu mama mkwe kwa sauti ya kusikika."

Tukarudi Mchikichi. Ilikuwa Jumanne. Mama alisikiliza, akaikunja kanga yake vizuri mapajani, akasema kwa sauti ile ile ndogo, "Na akifika mlangoni hukaa juu ya mbuzi, akakuna nazi."

Penseli ya Bibi Kwanini ikasimama.

"Mwanamume?" akauliza Bibi Kwanini.

"Mwanamume. Mbele za watu. Atakayekula wali wa nazi maisha yake yote sharti ajue unakotoka."

Tulipomfikishia Bi Tatu habari hiyo, alijipepea kwa ncha ya kanga. "Nazi," akasema mwisho. "Ndiyo. Nilisahau kuitaja."

Na nyuma ya pazia ngazi zikapandwa mpaka darini.

Njiani nilimwambia Bibi Kwanini kweli yote, maana mfereji unaovuja huvuja pande zote. "Memsahibu, hakuna nazi. Hakuna sinia. Wamevitunga kwa kushindana, na ya leo ametunga mama yangu mbele ya macho yangu."

Aliisimamisha baiskeli karibu na soko, kati ya mafungu ya ndizi, akanitazama kwa furaha ambayo sijaiona kwa mtafiti mwingine. "Bwana Hemedi," akasema kwa Kiswahili chake cha madhabahuni, "kila desturi ilikuwa na Jumanne yake ya kwanza. Ni nani aliyepata kujaliwa kuiona? Na tuiandike, kisha tuangalie kama itaishi."

Nilicheka sana. Sikufikiri hata mara moja kwamba katika mitaa ile miwili, bwana arusi aliyekuwa karibu zaidi alikuwa mimi.

Mashangazi wa Zuhura walikuja nyumbani wakiwa wamejipamba. Bi Tatu anawasalimu, wakasema, na anauliza kama bwana arusi ameshapata mbuzi yake au wamwazime.

Nilivaa viatu nikaenda Narung'ombe mwenyewe. Baraza lilijaa wana-Asumini wakichambua mchele wa harusi yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja kujifunza kukuna?"

"Mama, kwa heshima zote, desturi hii haipo. Mimi nilikuwepo ilipozaliwa."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo!"

"Mmemsikia?" Bi Tatu akawageukia wenzake. "Basi huyu ndiye shahidi wetu." Baraza likaangua kicheko, mchele ukamwagika. Kisha akaacha kucheka. "Sikiliza, karani. Chama changu kimemwambia Mzungu hivi ndivyo tunavyooza. Nikimwoza binti yangu mwenyewe vingine, kesho nitaonyesha uso wangu wapi? Bila nazi hakuna harusi. Mahari yenu nimeifunga kitambaani, mtaikuta ilivyo."

Nilisubiri kicheko nyuma ya pazia. Hakikuja. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa mara ya kwanza. Badala yake ikaja sauti, karibu sana na kitambaa: "Karani, mimi nitakuna nazi maisha yangu yote. Wewe hii moja tu inakushinda?"

Mimi, mkalimani, nikaokota viatu vyangu nikatoka bila kuvivaa.

Nilikimbilia kwa mama. "Mama, mwambie Bi Tatu ulitunga."

"Nimwambie nani? Tatu?" Mama alishika kifua. "Nimwambie Tatu kwamba nilisema uongo? Hemedi, bora ufe kapera."

Baba, aliyekuwa akikaanga kahawa uani, alisema bila kugeuka, "Mimi nilipomwoa mama yako nilipeleka mbuzi wa kuchinja. Wewe unapeleka mbuzi ya kukalia. Dunia inapungua." Kisha akaenda dukani akanichagulia nazi, akizitikisa moja moja sikioni kama mtu anayenunua saa.

Kimbilio la mwisho lilikuwa Bibi Kwanini. Neno lake moja lingenitoa. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nimekuja kuangalia," akasema. "Nikitia mkono, haitakuwa yao tena." Akafikiri. "Lakini nitakuja na kiti."

Siku ile, baada ya swala ya alasiri, nilisimama mbele ya soko nimevaa joho la babu. Mama akaniwekea sinia la asumini na vilua kichwani kwa mikono yake, vyama viwili sinia moja, na baba akanipachikia mbuzi kwapani. Hatua za kwanza nilitembea kama mtu aliyebeba mtoto wa watu. Wachukuzi wa Kinyamwezi waliweka magunia chini. Wenye maduka wakatoka na mizani mikononi. Askari wa njia panda alipuliza filimbi, akasimamisha mikokoteni na gari la daktari, akanisubiri.

Ilikuwa njia panda ya kwanza. Ilinipasa kusifu. Nikapaza sauti: "Mama mkwe wangu Bi Tatu! Sauti yako ikiita, meli hugeuka bandarini!"

Kariakoo ikalipuka. Na kitu fulani ndani yangu, kilichokuwa kimefungwa tangu siku ya bata, kikafunguka. Njia panda ya pili nilimsifu kwa kimo, ya tatu kwa pilau, ya nne nikasema akipiga chafya Kigamboni hufunga madirisha. Sinia lilikaa kichwani kana kwamba limeota. Maua yalinidondokea mabegani, watoto waliyaokota, jua lilikuwa limelegea rangi ya chungwa bivu, na mimi nilikuwa nikicheza! Sikumbuki nilianza lini. Miguu ilianza bila kuniuliza, joho la babu likawa bendera, na nyuma yangu Kilua waliimba, na mbele yangu Asumini waliimba, na mahali fulani katikati ya Narung'ombe nyimbo mbili zikagongana, zikayumba, zikawa wimbo mmoja.

Mlangoni nikaweka mbuzi chini, nikakaa, nikakunja joho, nikaanza. Vijana, kama hamjawahi kukuna nazi mbele ya mji mzima, msiseme mmefanya utafiti. Nazi iliteleza. Magoti yalikataa. Nilikuna kwa bidii ya mjinga, huku na huku, na Bibi Kwanini, magoti masikioni, akaegemea mbele na penseli yake.

"Bwana Hemedi, unahisi nini sasa?"

"Ninahisi nazi, Memsahibu!"

Nilimaliza. Nikasimama na bakuli mkononi, jasho likinitiririka, ndevu zimeingia weupe. Vigelegele vikapigwa, vikaisha.

Hapo tukagundua wote kwa pamoja kwamba hakuna aliyetunga kinachofuata.

Bi Tatu alimtazama mama yangu. Mama yangu alimtazama Bi Tatu. Kisha wote wawili wakamgeukia Bibi Kwanini, kana kwamba yeye anacho, naye alikuwa ameinua penseli akiwangoja wao. Nikaona hofu ikipita machoni mwa wanawake wawili wasioogopa kitu. Desturi ya wahenga, na mwisho hauna! Mtu mmoja tu angecheka vibaya, angeuliza tu "Enhe?", na yote yangemwagika: chama, heshima, harusi yangu.

Mlango ukafunguka upana wa kiganja. Mkono ukatoka, hina mpaka kiwiko. Ukachukua nazi kidogo kwa vidole vitatu, ukarudi ndani. Tukasikia mtu akitafuna, bila haraka.

"Umekuna mpaka kifuu," ikasema sauti ya Zuhura.

"Ndiyo," nikasema.

"Imeingia uchafu."

"Ndiyo, bibi."

Kisha ile ngazi ya kwanza, ile ninayoijua.

"Ingia, nikufundishe."

Sijui nani alianza kupiga kelele. Najua Bi Tatu na mama yangu walikumbatiana, na hakuna aliyeamini, wao wenyewe kwanza. Najua nilipogeuka kabla ya kuingia nilimwona Mzee Faraji ukutani, mfereji mkuu wa baraza la liwali, meno yake yote nje. Yalikuwa mazuri sana. Sijui kwa nini aliyaficha.

Bibi Kwanini alirudi kwao, akaandika kitabu chake, akaniachia kiti. Baadaye nilifanya kazi na watafiti wengine, bara na pwani. Baadhi walijua kukaa chini na baadhi hawakujifunza mpaka meli ikawachukua. Niliuliza habari za mahari, za mizimu, za nani humtania nani msibani. Lakini kila nilipoona watu wakifanya jambo kwa uso mzito na kuniambia limekuwepo tangu dunia, nilitafuta Jumanne yake kimoyomoyo, na nikaliheshimu zaidi.

Wiki iliyopita mwenzenu mmoja, mnamjua, yule mwembamba mwenye miwani, alinijia mbio akitokea Kigamboni. Amevuka na kivuko cha Magogoni mashine ikiwa kifuani kama mtoto. Ameona harusi, akaniambia, hajapata kuona mfano wake. Bwana arusi amekuna nazi mlangoni! Bibi arusi ameionja akasema maneno maalumu, "Ingia, nikufundishe"! Na vikongwe wamemwapia kwamba ni ya wahenga, haijabadilika hata chembe.

"Mzee Hemedi," akasema, anahema, "wewe ni mtu wa miaka mingi. Hao wahenga walikuwa akina nani?"

Kabla sijafungua kinywa, pazia la jikoni likatikisika.

"Baba Mwanaidi!" akaita mhenga. "Saa yako huku inasema saa sita. Nazi hii itajikuna yenyewe?"

Kijana akaiwasha mashine. Nami nikakunja mikono ya kanzu.